Mawindo ya Mchezo katika Ardhi ya Hifadhi



Katika darsa zetu za Busibwabo tumefika katika Suratul-Maida, na kila aijuaye sura hiyo ajua kuwa haiwezekani kusoma aya chache za mwanzo wake bila ya kukutana na habari za mawindo. Hapo ndipo vijana wetu walipotuletea masuala mawili, moja la upande wa huku na moja la ng'ambo ya mpaka. La kwanza, ni nini hukumu ya watu wanaoingia na mbwa na mikuki katika mafunjo ya Yala na ya mto Sio siku za mapumziko, wakawafukuza nzohe kwa kujifurahisha tu, na pengine wakamwacha mnyama palepale alipofia? La pili, kijana wa Malaba akialikwa kufuatana na matajiri wanaokwenda kuwinda kwa leseni katika hifadhi ya Pian Upe, huko Uganda kaskazini ya Mlima Elgon, awe mchinjaji na mchukuzi wao, je, ujira wake ni halali?

Siku ile tulijibu kwa mukhtasari, kwa kuwa adhana ya Isha ilikuwa imekaribia. Hapa twataka kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo. Watu wetu hulichukulia kwa wepesi kutoka pande zote mbili: mmoja asema mawindo yote ni halali kwa kuwa yametajwa katika Qur'ani, na mwengine asema yote ni haramu kwa kuwa askari wa wanyama wamekataza. Na wote wawili hawakulifikia jambo lenyewe.

Asili ya kuwinda katika dini yetu ni halali. Hapana khilafu kwa hilo. Mwenyezi Mungu ameruhusu katika sura hiyo hiyo kilichokamatwa na wanyama tuliowafundisha kuwinda, madhali jina lake limetajwa. Akawaruhusu mahujaji kuwinda wakisha toka katika ihramu. Na akahalalisha mavuvi ya bahari kwa kila mtu na kwa kila wakati. Na Adiy bin Hatim, mtoto wa yule Hatim wa kabila la Tay aliyesifika kwa ukarimu, alikuwa mwindaji, naye alimwuliza Bwana Mtume (S.A.W.) masuala mengi juu ya mbwa wake na mishale yake. Akafundishwa kuwa mbwa aliyefunzwa, akipelekwa na mwenyewe na jina la Mungu likatajwa, basi alichomshikia bwana wake huliwa. Lakini mbwa akikila yeye mwenyewe, basi amejishikia nafsi yake, na kisiliwe. Akafundishwa pia kuwa kilichopasuliwa na ncha ya mshale huliwa, na kilichouawa kwa kupigwa na ubavu wake ni kama mnyama aliyefia kipigo cha rungu, wala hakiliwi. Katika mafundisho hayo ndimo vilimotoka vitabu vya mawindo na machinjo, kama utakavyovikuta katika Minhaj ya Imamu Annawawi, ambayo ndiyo tegemeo la Mashafi wa Afrika Mashariki.

Na sisi watu wa magharibi ya Kenya tuna mfano wetu ulio karibu zaidi kuliko mbwa wa Adiy. Wazee wetu walikuwa wakiwanasa kware, wale ambao Waluhya wengi huwaita isindu na Wajaluo huwaita aluru. Walikuwa wakimtia kware mmoja katika kitundu kilichosukwa, wakakitundika juu ya mti mrefu alfajiri, na mlio wake ukawavuta wenziwe mpaka katika mitego iliyotegwa chini. Ndege huyo kwa kauli ya wafasiri wengi ndiye Salwa, au ni wa jamii ya Salwa, walioteremshiwa Bani Israil jangwani pamoja na Manna. Basi mzee aliyewanasa kware kumi akawalisha watoto wake hakufanya ila lililoruhusiwa. (Wengi wetu wakumbuka jinsi kware huyo alivyogeuka kuwa biashara ya wazimu mwisho wa mwaka 2013 na mwanzo wa 2014, mayai yake yakiuzwa kama dawa ya kila ugonjwa, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likataka kila mfugaji awe na kibali. Bei ilipoanguka watu wakabaki na vizimba vitupu. Hilo ni somo jengine, la uchumi na la tamaa.)

Ama kuwinda kwa mchezo, hapo maneno yanabadilika. Muradi wetu wa mchezo ni kuwa mtu hataki nyama, wala hajikingi na madhara, wala hauzi; ataka kuona mnyama akianguka, au ataka kichwa chake cha kutundika ukutani, au ataka kuhadithia. Bwana Mtume (S.A.W.) alikataza kabisa kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Na Abdallah bin Umar (R.A.) alipita kwa vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale, nao wamepatana na mwenye ndege kuwa kila mshale utakaokosa utakuwa wake. Walipomwona walitawanyika, naye akawaeleza kuwa Mtume amemlaani mwenye kufanya jambo hilo. Tazama, ewe msomaji: ndege alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa radhi, na tena alikuwa akilipwa. Idhini ya mwenye mali na malipo yake hayakulisafisha tendo. Twaomba jambo hili likumbukwe, maana tutalihitajia tutakapofika kwenye habari ya leseni.

Yako pia mapokezi ya Annasai na Ahmad juu ya shomoro aliyeuawa bure, kuwa Siku ya Kiyama atamlalamikia Mola wake juu ya aliyemwua pasi na manufaa. Maulamaa wameisemea isnadi yake, wala hatupendi kuwa miongoni mwa wanaotangaza kila waliloliona limeandikwa; lakini maana yake inakwenda sambamba na ile hadithi iliyo sahihi tuliyoitaja. Na imepokewa katika Sunan kuwa kuandama mawindo humtia mtu mghafala. Hilo halihitaji hoja kwa aliyewaona wawindaji: hutoka Alfajiri haijaswaliwa, na huwarudisha giza la Isha, na baina ya hizo mbili hujui Adhuhuri ilipotelea katika kichaka kipi.

Maulamaa waliotutangulia waliligawa jambo hili kwa uangalifu. Kuwinda kwa kula na kwa kuuza, halali. Kuwinda kwa kujifurahisha lakini kwa nia ya kuchinja na kunufaika, Imamu Malik amekuchukia na wengi wamekuruhusu. Naye Allaith bin Saad, mwanachuoni wa Misri, alisema kwa maana yake kuwa hajaona jambo la haki linalofanana na batili kuliko hilo. Ama kuwinda pasi na nia ya kunufaika, Ibn Hajar ameeleza katika sherehe yake ya Bukhari kuwa ni haramu, kwa kuwa ni kufanya ufisadi katika ardhi na kuiondoa roho bila ya faida. Hii ya mwisho ndiyo hukumu ya anayemchoma nzohe mkuki akamwacha aoze ndani ya mafunjo, hata lau isingekuwako serikali wala askari wala hifadhi.

Na huenda mtu akasema, mimi nina faida, nataka ngozi na pembe. Twamjibu kuwa atazame kwanza ataka ngozi ya nani. Simba na chui ni wanyama wenye meno ya kuraruliwa mawindo, na nyama yao haramu. Ngozi zao, ingawa kwa madhehebu yetu hutoharika kwa kudibaghiwa, Mtume amekataza zisifanywe matandiko ya kukalia, na maulamaa wakaona sababu yake ni kiburi na kujifananisha na majabari. Tandiko la chui sebuleni ndilo hasa lililokatazwa! Na ndovu naye haliwi, na pembe yake kwa kauli mashuhuri ya Kishafi ni najisi, kwa kuwa ni sehemu ya mfupa wa mzoga. Mahanafi ndio wanaoiona tohara. Kwa hiyo Mshafi mwenye bangili au kifimbo cha pembe katika nyumba yake ana masuala mawili ya kujibu, la sheria ya nchi na la sala yake.

Hapa hatuna budi kusema neno linalotuhusu wenyewe. Dini yetu katika sehemu hizi ilikuja kwa njia ya misafara. Waungwana wa pwani walifika Mumias kwa Nabongo wakitafuta pembe za ndovu, na pamoja na bidhaa zao walikuwa na misahafu yao. Twawaombea rehema kwa misahafu. Lakini leo katika Busia yote, kutoka Malaba mpaka Port Victoria, hapana kundi la ndovu linaloishi. Walio karibu nasi ni wale wa Mlima Elgon, ambao huingia usiku katika pango la Kitum kulamba chumvi ya mwamba. Watoto wetu wamjua ndovu kwa sura inayotajwa katika Juzuu Amma kuliko wanavyomjua kwa macho.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Wapo wanaodhani kuwa kutenga ardhi kwa ajili ya wanyama ni bidaa ya Wazungu. Huo ni ujinga wa historia yetu. Hifadhi ya kwanza ya Waislamu ni Makka. Humo windo haliuawi, wala halitishwi. Na Ikrima alipoulizwa nini maana ya kutotishwa, alieleza kuwa ni kule kumwondosha mnyama katika kivuli ukakaa mahali pake. Hebu fikiri! Mtu amechoka na jua la Hijazi, na swala amelala chini ya mti, na sheria yamwambia amwache. Kisha Mtume akaifanya Madina kuwa tukufu baina ya ardhi zake mbili za mawe meusi, na Abu Huraira akawa akisema kuwa lau angewaona swala wakilisha ndani ya Madina asingewatisha. Na Saad bin Abi Waqqas alimkuta mtu akikata miti katika eneo hilo, akamnyang'anya alivyokuwa navyo, na wenyewe walipokuja kumwomba avirudishe alikataa. Imamu Shafi ameongeza mahali pa tatu, bonde la Wajj huko Taif, kuwa nalo haliwindwi.

Na adhabu ya anayeua windo akiwa katika ihramu, Mwenyezi Mungu ameieleza: atoe mnyama wa kufugwa aliye mfano wa yule aliyemwua, na watu wawili waadilifu ndio watakaoamua mfano huo. Masahaba waliamua: mbuni kwa ngamia, fisi kwa kondoo dume, swala kwa mbuzi. Na kabla ya kutaja adhabu hiyo Mola ametaja kuwa atawajaribu Waislamu kwa windo lililo karibu mno, la kufikiwa kwa mikono na mikuki. Hapa ndipo darsa yetu iliposimama kwa muda mrefu. Mtihani haukuwa wa kumtafuta mnyama aliye mbali na mkali; mtihani ulikuwa wa mnyama aliyesogea kwa kuwa haoni hatari. Na ndivyo walivyo wanyama wa hifadhi za leo, wamezoea watu na magari, hawakimbii. Anayemwua mnyama aliyepewa amani amemkhini asiyejua kuwa amani ina mwisho.

Mbali na miji mitukufu, iko hima. Katika zama za ujahili, bwana mkubwa wa kabila kama Kulaib bin Wail alikuwa akitaka kujitengea malisho hupanda mbwa wake mahali pa juu akabweka, na mpaka sauti ilipofika ndipo mpaka wa hima yake. Mwengine yeyote asilishe humo, naye alisha humo na pengine pote pamoja na watu. Uislamu ukaibatilisha hima hiyo ya mtu binafsi. Ukabakisha hima ya Mungu na Mtume wake, yaani ile inayowekwa kwa maslaha ya wote. Mtume alilitenga bonde la Naqii kwa farasi wa jihadi, na Umar bin Khattab (R.A.) akatenga Sharaf na Rabadha. Na Umar alipomweka mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunay, awe mlinzi wa hima, alimpa wasia ambao Bukhari ameupokea. Alimwagiza awe laini kwa Waislamu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingie alishe. Na asiwaruhusu wanyama wa Abdulrahman bin Auf wala wa Uthman bin Affan, kwa kuwa matajiri hao mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kurudia, lakini maskini mifugo yake ikifa atamjia Khalifa na watoto wake akilia njaa.

Basi hicho ndicho kipimo chetu: hifadhi unayoiona mbele yako, je, ni hima ya Umar au ni hima ya Kulaib?

Tupime kwa kipimo hicho. Wakoloni wa Kiingereza walipotenga mapori ya wanyama hapa Afrika Mashariki tangu mwanzo wa karne ya ishirini, walimwita Mwafrika mwenye upinde mwizi, na wakamwuzia leseni Mzungu mwenye bunduki. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa, na katika safari yake yeye na mwanawe waliua wanyama 512 kwa mikono yao. Sehemu kubwa ilipelekwa katika jumba la makumbusho la kwao, na hilo twalikiri. Lakini mtego wa kware wa mzee wa Busibwabo haukuweza kufikia hesabu ya mtu mmoja wa safari hiyo. Hiyo ilikuwa hima ya Kulaib na mbwa wake.

Kenya ilisimamisha mawindo yote ya leseni mwezi wa Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi, pembe na vinyago vya wanyama. Sheria ya mwaka 2013 imekataza waziwazi mawindo ya mchezo, na ilipotungwa iliweka kwa makosa juu ya wanyama walio hatarini kutoweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Sheria hiyo imekataza pia kuwinda kwa ajili ya kula, lakini adhabu yake imefanywa ndogo mno kuliko ya mchezo, na kwa hilo imekaribia kidogo wasia wa Umar, ingawa haikuufikia. Uganda nayo ilikuwa imefunga mawindo ya kitalii tangu 1979, kisha ikayarudisha kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya Ziwa Mburo, na baadaye yakafika sehemu nyengine, ikiwemo Pian Upe. Ndiyo maana kijana wa Malaba amepata shida: upande huu wa mto ni jela, upande wa pili ni risiti. Lakini anayevuka daraja la Malaba hubadilisha sarafu mfukoni mwake, habadilishi dini yake.

Wanaotetea leseni wana hoja, na si insafu kuificha. Husema kuwa pesa za mwindaji mmoja huwalipa askari wengi na hujenga shule za wanavijiji, na kuwa mwanakijiji asiyepata faida kwa mnyama atamwona ni adui tu. Husema tena kuwa marufuku ya Kenya hayakuwaokoa wanyama. Na ni kweli kuwa wataalamu waliohesabu kwa ndege wamepata kuwa baina ya 1977 na 2016 wanyamapori wakubwa wa Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Katika hesabu ya taifa zima ya mwaka 2021 wale korongo, ambao kwa Kenya wamebaki katika hifadhi ya Ruma tu, huko bonde la Lambwe, walikuwa 15. Kumi na watano! Watu wa saumu wanaofuturu katika msikiti wetu mdogo ni wengi kuliko hao.

Twajibu kuwa upungufu huo umeletwa zaidi na nyua, mashamba, ukame, mifugo mingi na wawindaji wa magendo. Wala kushindwa kulinda mlango si hoja ya kuuza ufunguo. Na kama faida ya wanakijiji ndiyo inayotakiwa, kuna njia isiyomwaga damu bure: Uganda yenyewe kwa sheria hutoa asilimia 20 ya viingilio vya mbuga zake kwa serikali za wenyeji walio jirani. Hata hivyo hatusemi kuwa mwanakijiji wa Karamoja anayepokea fungu lake kwa mujibu wa sheria ya nchi yake amekula haramu. Tendo la mwindaji ni la mwindaji. Twasema tu kuwa malipo hayaligeuzi tendo lenyewe, kama yule mwenye ndege wa Kikureshi ambaye radhi yake haikuwaondolea vijana laana.

Na lililo chungu zaidi ni kuwa hima ya Kulaib haina rangi wala dini. Loliondo, katika Tanzania, tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kitalu cha uwindaji kilipewa kampuni ya watu wa Falme za Kiarabu, wageni wake wakiwa wakubwa wa huko, Waislamu wenzetu. Mwaka 2009 maboma ya Wamasai yalichomwa moto katika kuwaondoa. Mwezi wa Juni 2022 serikali ilipoweka mipaka katika eneo la kilomita za mraba 1,500 kulitokea mapambano. Askari mmoja aliuawa, Wamasai wengi walijeruhiwa, na wengine wakakimbilia Kenya. Serikali yasema ni kwa ajili ya kuhifadhi mazingira na vyanzo vya maji, na wenyeji wasema ni kwa ajili ya wawindaji. Kesi imefika mpaka Mahakama ya Afrika Mashariki. Sisi si mahakimu wa kesi hiyo. Lakini mwenye kusoma wasia wa Umar kwa Hunay, kisha akaangalia ni nani aliyeambiwa atoke na ng'ombe wake na ni nani aliyeruhusiwa kuingia na bunduki yake, hawezi kutuambia kuwa mambo yamekaa kama Umar alivyoyapanga. Na Mwarabu hana fadhila juu yetu katika hili ila kwa uchaji Mungu, wala hatutanyamaza kwa kuwa anatujengea misikiti.

Wapo wenye kutuambia: hii si serikali ya Kiislamu, basi katazo lake la kuingia hifadhini halitufungi. Hoja hii tumeisikia hata kwa watu wenye kilemba. Twawauliza: ni faradhi gani ya Mungu iliyozuiliwa na katazo hilo? Hapana. Ni jambo la mubaha tu lililofungwa kwa maslaha ya wote, na kiongozi ana haki ya kufunga mubaha kwa maslaha. Tena sisi tunaishi katika nchi hii kwa ahadi. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 69 imempa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kulinda mazingira, nasi tumeipigia kura na twadai haki zetu kwayo, ikiwemo Mahakama ya Kadhi. Mtu hawezi kuishika ahadi kwa upande unaompa na kuiacha kwa upande unaomtaka. Suratul-Maida yenyewe imefunguliwa kwa amri ya kutimiza ahadi, na mara tu baada yake ndipo yakatajwa mawindo.

Ama anayeingia kwa njaa, huyo hatumtii katika fungu la wachezaji. Sura hiyo hiyo imemwondolea dhambi aliyeshurutishwa na njaa pasi na kuelekea maasi. Lakini twaona aibu kumjibu kwa fatwa badala ya kwa unga. Mtu wa Bunyala ambaye mafuriko ya Nzoia yamemchukulia shamba, akamfuata nzohe katika mafunjo ili watoto wale, dhambi yake itafutwe kwanza kwa jirani mwenye ghala na kwa kamati za zaka.

Liko kundi jengine ambalo halina njaa wala mchezo, nalo ni la wauza hirizi. Katika masoko ya mpakani kuna waganga, na baadhi yao hujiita masheikh, wanaofunga aya ndani ya kipande cha ngozi ya chui, au huuza mafuta ya simba ya kupaka ili mtu aogopwe, au magamba ya kakakuona ya kuleta bahati. Kakakuona maskini, silaha yake ni kujikunja tu kama mpira. Tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imekatazwa ulimwenguni kote, na mteja wake wa hapa kwetu ni Muislamu anayesema katika kila rakaa kuwa anamwomba Mungu peke yake. Kuua bila ya haki, kuvunja sheria ya nchi, na kutegemea ngozi badala ya Mola: yote matatu katika hirizi moja ya shilingi mia tano.

Turudi kwa waulizaji wetu. Wale wa mafunjo, jibu lao limekwisha: ni haramu kwa kuua bure, na ni haramu tena kwa kuvunja ahadi ya nchi, na mbwa wao wasiofundishwa hufanya hata nyama iwe mzoga isipokuwa mnyama akipatwa angali hai akachinjwa. Ziwa Kanyaboli limetangazwa kuwa hifadhi ya taifa tangu 2010, kwa hiyo asiseme mtu kuwa hakujua mpaka uko wapi.

Kijana wa Malaba jibu lake lina sehemu tatu. Mnyama wa halali, kama swala au pofu, akipatwa angali na uhai uliotulia, Muislamu akamchinja, nyama yake ni halali kwa anayekula, hata aliyempiga awe nani; na kuwachinjia wanakijiji ili nyama isitupwe ni wema. Akiwa amekwisha kufa kwa risasi, basi hutazamwa aliyepiga na alichopigia. Vitabu vyetu vya zamani vilikataza kilichouawa kwa bunduki, lakini Ashaukani wa Yemen, aliyefariki 1834, na wengi waliomfuata wameona kuwa risasi ya siku hizi hupasua na kupenya kama ncha ya mshale, nasi twaichukua kauli hiyo. Lakini aliyepiga akiwa si Muislamu wala si katika Ahlul-Kitabu, haliwi. Na akiwa ni katika Ahlul-Kitabu, Mashafi wana masharti mazito juu yake, na aliye na shaka ale kuku wa kwao.

Ama ujira: kuchinja na kubeba nyama inayoliwa, ujira wake halali. Kumwonyesha mwindaji alipo simba wa kupigwa kwa kichwa chake, kumchuna chui kwa ajili ya ukuta, kuvuka mpaka wa Malaba na pembe ndani ya gunia la mahindi, huo ni kusaidiana katika uovu, na ujira wake ni haramu hata ukiandikwa katika mkataba na kupigwa muhuri. Kijana akiona kazi mbili hizi haziwezi kutenganishwa, kama tunavyohofia, aiache yote. Na waliomwuliza kazi nyengine iko wapi, waje tuzungumze nao baada ya sala ya Ijumaa; miongoni mwa jamaa zetu wapo wenye malori mpakani wanaotafuta makarani waaminifu.